Ukurasa wa Sitini na Moja

Jumanne, 6 Januari. Mvua milimita 91.

Daftari hili si langu. Ni la rafiki yangu mmoja asiyesoma vizuri, mimi namjazia tu. Hivyo ndivyo nilivyomwambia Bi. Hesketh wa maktaba leo asubuhi. Akanitazama kwa juu ya miwani, akasema, "Mwambie rafiki yako aandike kila siku, hata mstari mmoja. Mkono hulifundisha jicho. Na akisoma aweke rula chini ya mstari, maneno yasimkimbie." Nikasema nitamfikishia. Akanipa na rula. "Ya rafiki yako," akasema.

Akauliza rafiki huyo anataka kusoma nini. Nikamweleza. Mimi Desmond Cantarella, dereva wa treni ya miwa misimu thelathini na minne, mtu pekee hapa Tully aliyempigia mamba honi mpaka mamba akaomba radhi, ndiye mwenye kiti wa mchezo wa Taa na Shimo tangu mwaka 1986. Wachezaji wanakaa mezani, kila mmoja ana mtu wake kwenye karatasi, mwizi au mchawi au mpiga upanga. Mwenye kiti peke yake ndiye anayejua kilichomo shimoni. Wao wanasema wanafanya nini, yeye anasema kimetokea nini, penye ubishi dadu inaamua. Tunacheza chini ya nyumba yangu, iliyoinuliwa juu ya nguzo kukwepa maji, kati ya kamba za nguo, kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, msimu wote wa mvua kiwanda kikiwa kimelala. Na kiti chenyewe ni kiti cha treni. Nilikifungua kwa mikono yangu kwenye injini iliyostaafu, nati zilikuwa na kutu ya miaka sitini, nikazifungua kwa meno. Mbili kwa meno. Nyingine kwa spana.

Sasa balaa. Juzi Jumapili kitabu chetu, toleo la kwanza, kimetoka kabatini kimevimba kama mkate uliotumbukia kwenye maziwa. Ukungu mtupu. Mpwa wangu Kirra, mtoto wa dada yangu Loredana, akachomoa mfukoni kitabu kipya, toleo la nne, kinang'aa.

"Mjomba, la pili lilipita, la tatu likapita. Dunia nzima imehama, tumebaki sisi na ukungu."

Nikasema ukungu huo umri wake mkubwa kuliko wake, auheshimu. Wakapiga kura. Watatu kwa mmoja. Nikasema, haya, nani atanitoa kitini? Alby Strand, aliyekuwa tarishi wa posta na bado ana mdomo wa tarishi, akasema, "Hakutoi mtu, bwana. Kisome tu. Kurasa mia mbili themanini na nane. Ila nakujua Dez, utasema ulikisoma kabla hakijaandikwa."

Wakacheka. Mimi nikacheka kuwashinda.

Tukakubaliana hivi: mpaka Pasaka tunaendelea na toleo la kwanza. Jumapili ya Pasaka tunahama. Nikiwa nimekimaliza kitabu, kiti changu. Nikiwa sijamaliza, anakaa Kirra.

Rafiki yangu aliacha shule ana miaka kumi na minne, baba yake alihitaji mikono shambani. Tarakimu anazisoma kama padri asomavyo misa, alama za reli anazisoma akiwa amelala. Lakini ukurasa uliojaa maneno humtembelea machoni kama chungu waliochokozwa. Kile kitabu cha kwanza hakukisoma. Alisomewa. Dada yake alimsomea chote, mara mbili, kwa sauti, kwenye mafuriko ya '86 walipofungiwa shambani wiki tatu. Akakihifadhi kichwani, kanuni kwa kanuni, ukurasa kwa ukurasa. Mezani hakuna anayejua.

Jumatano, 7 Januari. Mvua 84.

Ukurasa wa 2.

Alhamisi, 8 Januari. Mvua 130.

Ukurasa wa 2 bado.

Jumapili, 11 Januari. Mvua 66.

Leo mchezo wa nguvu. Mpiga upanga wa Alby, Bwana Mundu, kaingia kisimani bila kamba kwa sababu Alby hasikii la mtu. Chini kulikuwa na kitu chenye meno. Nikarusha dadu, uhai wake ukaisha.

"Mfu," nikasema.

Basi hapo ndipo uzuri wa mchezo wetu. Kanuni ya ukurasa wa sitini na moja: aliyeanguka aitwe kwa jina na mmoja wa mezani, lisemwe juu yake jambo moja la kweli, kisha arushe dadu ya pande ishirini mara moja. Kumi kwenda juu, anainuka. Kanuni haisemi ukweli wa mtu wa kwenye karatasi au wa yule aliye kitini. Sisi siku zote tunachagua wa kitini. Ndiyo inayouma, ndiyo inayofaa.

Mvua inapiga bati. Kirra akasema, "Bwana Mundu. Alby huzunguka njia ndefu kurudi nyumbani ili asipite pale gari lilipomgonga mbwa wake."

Alby akaikazia macho dadu. "Nani kakwambia?"

"Nakuonaga kutoka kazini, banda la ndizi, kila jioni."

Akarusha. Kumi na nne. Bwana Mundu akatoka kisimani, na keki za nazi zilipoletwa Alby akamsogezea Kirra ya kwake.

Nilisahau kuandika kuhusu Shangazi Filo, wa nne wetu. Ni mpishi wa hospitali, shangazi wa mji mzima. Mwizi wake huiba vijiko tu. Mashimo yote haya, dhahabu imelala, yeye vijiko.

Jumatano, 14 Januari. Mvua 12.

Ukurasa wa 6. Rula inasaidia. Sitamwambia Bi. Hesketh.

Jumatatu, 19 Januari. Mvua 148.

Siwezi kukaa. Nasoma mistari mitatu nainuka, nazunguka baraza, naangalia kipimo cha mvua, narudi, mstari umepotea. Injini ya tani kumi na nane niliizuia kwa breki ya mkono kwenye mteremko, mabehewa arobaini nyuma yangu, sikutetemeka. Leo neno moja limenitoa jasho. Lilikuwa "uthabiti". Sisi zamani tuliambiwa "nguvu" tukaelewana.

Jumapili, 25 Januari. Mvua 70.

Tumecheza. Kirra kauliza kama nimefika sura ya wezi. Nikasema nimeshawapita zamani. Sijawafikia. Lakini nilimwona jinsi alivyowaeleza Alby na Filo lile toleo jipya, mikono inaenda, macho yanawaka. Nikakereka. Nikasema, "Mwizi wa kitabu hicho ana njia tisa za kujificha. Zamani ulijificha au hukujificha."

Filo akasema, "Tisa? Haya, nipe hiyo ya vijiko."

Jumamosi, 31 Januari. Mvua 103.

Ukurasa wa 44. Chura kaanguka kutoka kwenye boriti, kakalia kitabu, kafunika aya nzima. Nimemwachia. Ilikuwa aya ndefu.

Ijumaa, 6 Februari. Mvua 155.

Nimewapata! Nimefika ukurasa wa 61 wa toleo la nne. Unajua wameweka nini? Bei. Kamba, mafuta ya taa, misumari ya kupandia. Nikaenda mbele mpaka wa 70, nikarudi mpaka wa 50, rula mkononi, hakuna. Wameiondoa kanuni ya kuita jina! Kanuni bora kuliko zote, wameifuta wakatuwekea duka.

Jumapili nawaonyesha. Mwache Alby acheke.

Jumapili, 8 Februari. Mvua 241.

Barabara imekatika pande zote mbili. Hakuna mchezo. Maji yamefika goti chini ya nyumba, nimekipandisha kiti cha treni juu ya meza. Mwaka '86 yalifika kwenye paa, tukavua samaki kwa kufungua dirisha la jikoni.

Kweli yalifika ngazi ya tatu. Lakini samaki tuliwaona.

Jumatano, 11 Februari. Mvua 97.

Nimezunguka baraza mara sitini. Nayarudia nitakayosema. "Ndugu zangu, tazameni wenyewe." Nitaanza hivyo.

Jumapili, 15 Februari. Mvua 58.

Niliwaacha wale chakula kwanza. Sandwichi za mayai zikaisha. Nikasimama.

"Ndugu zangu, tazameni wenyewe. Ukurasa wa sitini na moja. Kamba! Mafuta ya taa! Kanuni ya kuita jina iko wapi? Toleo hili linaua watu, basi, halina hata kumwita marehemu. Wewe Alby, ungekuwa bado uko kisimani."

Nikaona Filo kaguswa. Kirra akakifungua kitabu, akatafuta kwa haraka ile yao, jicho moja ukurasa mmoja. "Kweli haimo," akasema. "Sijawahi kuiona popote, mjomba. Hata kwenye la pili na la tatu. Nilidhani ni ya la kwanza tu."

"Ya la kwanza. Ukurasa wa sitini na moja. Neno kwa neno."

Alby akasema, "Basi tukione. Maana mimi pia miaka yote nasikia sitini na moja, sitini na moja, kama namba ya nyumba."

Nikamwambia kurasa zimegandana, zitachanika. Shangazi Filo akasema, "Lete birika." Huyu mama amebandua mambo mengi hospitali, ukurasa ni nini kwake. Akakishikilia kitabu kwenye mvuke, akapitisha kisu cha siagi taratibu, sitini ikaachana na sitini na moja, nayo ikatoka nzima, ina madoa ya kijani. Akampa Kirra.

Kirra akasoma. Nikaona midomo yake inakwenda, kisha ikasimama.

"Ni uzito wa mizigo, mjomba. Mtu mmoja abebe ratili ngapi."

"Geuza."

"Wa sitini na mbili ni punda."

Alby akakichukua. Akapitia kurasa zote ambazo Filo aliweza kuzibandua, na Filo alibandua karibu zote, saa nzima, mvuke unatupanda usoni na mimi nimesimama kama nguzo ya nyumba yangu mwenyewe. Haikuwepo. Kule kwenye kifo kuna mstari mmoja tu, Alby akausoma kwa sauti: "Uhai ukiisha, mtu amekufa, mchezaji aanze karatasi mpya."

"Miaka arobaini, Dez," akasema. Hakucheka. Angecheka ningejua la kufanya. "Umetudanganya miaka arobaini?"

"Sijadanganya! Imo! Hamjui kutafuta!"

"Haya basi, tafuta wewe. Kisome." Akanisukumia kitabu kifuani.

Nikakishika. Karatasi ilikuwa ya moto bado. Nikatazama, na chungu wakaamka wote pamoja, wakaanza kwenda huku na huku, na rula yangu ilikuwa juu chumbani, chini ya mto wa kulalia. Sikujua hata kama nimekishika sawa au juu chini.

"Sina miwani," nikasema.

Kirra akasema polepole, "Iko kichwani kwako, mjomba."

Nilikiweka kitabu mezani. Nikatoka mvuani, nikaenda mpaka reli, nikasimama hapo mpaka nikasikia gari la Alby linaondoka. Nimerudi, wamesafisha vyombo. Kitabu cha zamani wamekitandaza wazi kwenye kamba ya nguo, kimebanwa kwa vibanio, kinakauka.

Nimeiandika siku yote hii peke yangu na mkono unaniuma. Rafiki yangu hayupo leo.

Jumatatu, 16 Februari.

Sijapima.

Jumatano, 18 Februari. Mvua 40.

Nimempigia simu Loredana, anaishi Perth, kabla hajaenda kazini.

"Dada, ukurasa wa sitini na moja. Kanuni ya kuita jina. Ulinisomea au hukunisomea?"

Nikasikia anacheka, ile ya puani.

"We mtoto, bado mnaicheza ile?"

"Bado tunaicheza nini?"

"Dez. Ulikuwa unalia. Hukumbuki? Yule mtu wako wa kwanza, Baldo, mbeba taa. Alikufa kwenye chumba cha pili, na wewe ukalia mpaka mama akasema anakitupa kitabu mtoni. Baba ndiyo kwanza kakutoa shule wiki ile. Nikaona, huyu hata mbeba taa wake afe? Nikafungua popote, nikasoma ambacho hakikuandikwa."

"Ukasema sitini na moja."

"Ndipo kilipofunguka. Na jambo la kweli nililosema unalikumbuka?"

Sikulikumbuka. Nilikumbuka kanuni tu.

"Nilisema, Baldo, ndugu yangu anashika kila kitu akisikia mara moja, mimi sishiki hata nikisoma mara kumi. Ukarusha ukapata kumi kamili. Ndiyo maana ikawa kumi."

Nikamwambia kanivunjia heshima mbele ya watu. Akaacha kucheka. Akasema, "Kirra hajui kuwa husomi?"

"Nasoma! Nimefika themanini na tatu!"

"Themanini na tatu ya nini?"

Nikakata simu. Baadaye nikampigia tena nikamwambia ya nini.

Jumapili, 22 Februari. Mvua 77.

Hakuna aliyekuja. Sikumwita mtu. Nimekaa kwenye kiti cha treni nikitazama meza.

Alhamisi, 26 Februari. Mvua 110.

Sisomi. Kwa nini nisome? Kitabu kimoja kimenidanganya, cha pili nacho kitasema nini.

Jumanne, 3 Machi. Mvua 35.

Shangazi Filo kaja mchana na soseji za mchuzi wa bizari, akazipasha bila kuuliza. Akaniambia, "Unakumbuka mwizi wangu alipoanguka darajani? Mwaka ule mzee wangu alikuwa kitandani."

Nakumbuka. Alby ndiye aliyeita jina. Alisema, Filo amembeba mume wake mpaka chooni kwa miezi minane na hajamlalamikia mtu. Filo akatoka mezani akalia, akarudi akarusha, akapata kumi na nane.

"Hakuna mtu alikuwa amenisemea hilo," akasema. "Hata padri. Sasa nani anajali liliandikwa wapi?"

"Mimi najali."

"Basi ni juu yako. Kula."

Nikala. Nikamwambia. Sijui ilitokaje. Nikamwambia, Filo, mimi kusoma kunanishinda, nilisomewa. Akaendelea kukwangua sufuria. "Mwanangu, kwenye sherehe unampaga Kirra orodha ya vyakula aisome kwa sauti, kila mwaka, unasema sauti yake nzuri. Sauti ya yule mtoto kama lango bovu. Tunajua nusu."

Kumbe nimejificha njia moja tu, ile ya zamani.

Jumatano, 4 Machi. Mvua 61.

Mimi ndiye rafiki yangu. Nimeandika hivyo ili nisirudie tena. Ukurasa wa 90.

Jumapili, 8 Machi. Mvua 88.

Kirra kaja peke yake, kakaa kwenye ngazi, viatu vimejaa tope la ndizi.

"Mama kanieleza," akasema.

"Mama yako ana mdomo."

"Nilikasirika, mjomba. Nilidhani unatutungia kanuni za kutushinda."

"Na ningeweza."

"Najua ungeweza. We si umemlaza mamba."

"Aliomba radhi. Sikumlaza."

Akacheka. Akasema atakuja kunisomea kilichobaki, sura kwa sura, kama mama yake. Kwa kweli nilitaka. Nikamwona jinsi alivyokishika kile kitabu, kidole tayari kiko mahali pake. Nikasema hapana. Nikasema nitasoma mwenyewe, na nisipomaliza, akae. Akauliza kama bado nakitaka kiti. Nikamjibu, "Swali gani hilo." Lakini kalipanda swali, limekaa.

Jumamosi, 14 Machi. Mvua 54.

Ukurasa wa 131. Nimekutana tena na "uthabiti". Tumesalimiana.

Alhamisi, 19 Machi. Mvua 12.

Wanasema kimbunga kinakuja kesho mchana. Nimefunga kila kitu. 158.

Ijumaa, 20 Machi.

Nimekaa ndani ya hodhi la kuogea tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni, godoro juu, kitabu magotini, mwanga wa kidirisha. Upepo ulivyokuwa unalia nilisoma kwa sauti nishindane nao. Sikuzunguka baraza kwa sababu hakukuwa na kuzunguka. Kurasa arobaini na tatu! Nimeingia sura ya viumbe vya shimoni, nimesahau kutazama saa. Kuna kimoja kinaishi kwenye mwangwi, kinakula maneno ya mwisho ya sentensi. Nani alikaa akawaza kitu hicho? Ningependa kumnunulia bia.

Kimbunga kilipita kusini. Paa liko palepale. Nikija kuisimulia nitalirusha mpaka mji wa Cairns, lakini hapa liko palepale.

Jumapili, 29 Machi. Mvua 49.

Alby kaja kurudisha jeki yangu ambayo sikumwazima. Kasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Umefika wapi?"

"Mia mbili thelathini na sita."

"Muongo."

"Niulize."

Akakifungua katikati, akaniuliza joka la chumvi linaogopa nini. Nikamwambia maji matamu, na kwamba halisemi ukweli ila likiwa limelala. Akatazama ukurasa. Akakifunga.

"Ile siku sikufanya vizuri, Dez. Kukusukumia kitabu."

"Ulikuwa umepotelewa na kanuni."

"Nilidhani nimepotelewa na mbwa mara ya pili," akasema, akaenda zake na jeki mkononi. Kumbe ilikuwa yake.

Jumamosi, 4 Aprili. Mvua 22.

Saa tisa na robo alasiri, ukurasa wa 288. Mstari wa mwisho unasema, "Mengine ni yenu." Kurasa zote hizo, halafu mengine ni yetu!

Nikaenda maktaba, imefungwa kwa Pasaka. Nikairudisha rula kwenye tundu la kurudishia vitabu. Halafu nikajuta, naihitaji.

Jumapili ya Pasaka, 5 Aprili. Mvua 31.

Walikuja wote. Filo na mikate yenye msalaba, Alby na bia, Kirra na dadu mpya za bluu. Nilikuwa nimekishusha kiti cha treni, nimekifuta. Nikakaa. Nikasema, "Nimemaliza. Anayebisha aulize."

Hakuna aliyebisha. Nikasema basi nafungua toleo la nne kwa kusoma ukurasa wa kwanza, na mtu akiwa na haraka akapige mswaki. Nikaweka kidole, maana rula iko maktaba. Nikasoma. Polepole, neno likisimama nalisubiri, likija naendelea. Ukurasa mzima, sijui dakika ngapi. Alby alishikilia mkate mdomoni bila kuuma. Nikamaliza na shati limelowa kama nimetoka nje.

"Haya," Kirra akasema, sauti ya lango bovu. "Kuna nini mlangoni, mjomba?"

Nikatazama kile kiti nilichokalia. Najua kuna nini mlangoni. Nimesoma kurasa mia mbili themanini na nane, najua kuna nini nyuma ya kila mlango, na kabla ya hapo nilijua miaka arobaini. Hawa watu kila Jumapili wanaegemea mbele hawajui. Mimi sijaegemea mbele tangu nina miaka kumi na minne.

Nikainuka. "Kaa wewe."

"Mjomba, umeshinda."

"Ndiyo maana naweza kukaa ninapotaka. Nipeni karatasi."

Nikaandika jina mwenyewe: Baldo, mbeba taa. Kirra akakaa kwenye kiti cha treni, miguu haifiki chini vizuri, akaanza. Nataka niseme kweli hapa. Ni mzuri kuliko mimi. Mimi huwa nawapigia kelele viumbe vyangu. Yeye alinong'ona, na mvua ikamsaidia. Niliegemea mbele mpaka kifua kikagusa meza.

Nilikufa kwenye chumba cha pili. Nilishika kitasa ambacho nilikisoma kabisa kwenye ukurasa wa 203 kuwa kisishikwe, na nikakishika, kwa sababu Baldo hajasoma.

"Uhai umeisha," Kirra akasema. Dadu imelala, wote wameiona. Toleo la nne linasema kama la kwanza: karatasi mpya.

Akakivuta kitabu. Akafungua kurasa, taratibu, kama anayetafuta anachokijua kilipo. Akasimamisha kidole. Akasoma kwa sauti, bila kukwama:

"Aliyeanguka aitwe kwa jina na mmoja wa mezani. Lisemwe juu yake jambo moja la kweli. Kisha arushe mara moja."

"Ukurasa wa ngapi?" Alby akauliza, anatazama chupa yake.

"Sitini na moja."

Mimi nilikuwa mkono wake wa kulia. Kitabu kilikuwa wazi mbele yangu, nikasoma palepale kidole chake kilipokuwa. Chungu hawakutembea hata mmoja. *Kamba ya katani, mikono ishirini. Mafuta ya taa, chupa. Misumari ya kupandia, kumi na miwili.*

Kirra akanitazama. Akaona kuwa nimeona.

"Ndiyo," nikasema. "Imeandikwa."

Alby akaweka chupa chini. Akavua kofia.

"Baldo," akasema. "Dez alikisoma kitabu kizima."

Filo akanisukumia dadu. Moja ya zile za bluu, pande ishirini. Nikaitikisa kwa mikono miwili mpaka Alby akasema rusha bwana, unaikaanga? Nikarusha. Ikagonga mkate, ikazunguka karibu na ukingo wa meza, ikasimama.

Ningeweza kuandika ishirini hapa, na daftari hili halina wa kunibishia. Ilikuwa kumi na moja.